Siku Konstebo Pastory Alipomkamata Mtani wa Marehemu

Vijana wa kituo walipokuja kuniaga siku nilipovua magwanda, waliniomba niwaandikie namna sisi wa zamani tulivyokuwa tukiwaingiza askari wapya kwa wananchi. Siku hizi jambo hilo lina jina lake, lina semina na lina fulana. Nimekubali, lakini nawaonya mapema: kazi hiyo niliifanya miaka mingi bila kuielewa, na sehemu yake kubwa sijaielewa hata leo. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Vyeo vilinijia vimechelewa, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilifika Newala nikiwa konstebo, msichana wa Kinyaturu kutoka Singida, nimekaa juu ya magunia ya chumvi kwenye lori lililotokea Masasi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Kusini ni joto. Lori lilipomaliza kupanda mlima na kufika juu uwandani, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba utingo alitembea mbele akimwonyesha dereva njia, nami natetemeka kama mwenye homa. Kwa hiyo jambo la kwanza nililojifunza kuhusu mahali hapo ni kwamba nilichoambiwa hakikuwa kweli. Ningelishika hilo vizuri ningejipunguzia shida nyingi.

Kaunta nilimkuta Stesheni Sajenti Mbaruku, Mmwera mmoja mwembamba aliyekuwa amezeekea kazini. Hakuniuliza namba yangu wala barua yangu.

"Una mtoto?" aliniuliza.

"Sina, afande."

"Tafuta. Hapa ukiitwa kwa jina lako, watu hawatajua wakuweke wapi."

Nilidhani ananichokoza kwa sababu mimi ni msichana. Nilikasirika wiki nzima. Nilipokuja kuolewa na kumpata Neema, wanawake waliokuwa wakinijibu "sijui" kwa kila swali walianza kunivuta pembeni: Mama Neema, njoo nikwambie. Habari zilezile, mwanamke yuleyule, magwanda yaleyale.

Mbaruku alinifundisha pia kwamba kesi kubwa na kesi ndogo hazijulikani kwa kuangalia kitabu cha sheria. Mwezi wangu wa kwanza alikuja mwanamke analia kwamba mwenzake ameisogeza ndoo yake kwenye foleni ya bomba. Siku hiyohiyo kulikuwa na mtu amevunjiwa duka. Mimi nilikimbilia dukani. Mbaruku alikwenda bombani, akashinda huko hadi jioni. Kule juu uwandani maji yalikuwa yakipandishwa kutoka mabondeni kwa mashine, na mashine ilipolala, ndoo kwenye foleni ilikuwa ndiyo mtu mwenyewe. Ukiisogeza umemsukuma. Mwenye duka alipata vitu vyake. Wale wanawake wawili, kama Mbaruku asingekwenda, pengine tungemzika mmoja wao.

Basi ikaja miaka ya ruksa. Ninyi mmezaliwa vitu vipo madukani, hamwezi kujua. Mwaka mmoja tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni, mwaka mwingine sabuni zimejaa, na mitumba, na redio, na baiskeli zimening'inizwa mlangoni kwa Wahindi na kwa watu ambao jana walikuwa wakulima kama wengine. Wanunuzi wa korosho wakaanza kuja na magari yao wenyewe. Watu wakaja kutoka mikoa ambayo zamani tuliisikia redioni tu. Na wizi ukabadilika. Zamani mwizi aliiba kuku akamla. Sasa aliiba kitu ili akakiuze kwa mtu asiyemjua, Masasi au mbali zaidi.

Wakati huo nilikuwa sajenti. Tukaletewa askari wapya tupu, wametoka depo juzi, hakuna hata mmoja wa Kusini. Mkuu wetu wa polisi wa wilaya aliniita ofisini.

"Sajenti, vijana hawa uwaunganishe na wananchi."

"Ndiyo, afande. Niwaunganishe vipi?"

Alinitazama kana kwamba nimemwomba nauli. "Wewe si umekaa hapa? Utajua."

Sikujua. Nilianza na mkutano wa hadhara Mnyambe, kwa sababu mkutano ndicho kitu tulichozoea kuita mtu akisema neno wananchi. Katibu wa kijiji alipeleka habari nyumba kwa nyumba. Tulipofika na askari wangu wamepiga pasi nguo zao hadi zinakata, palikuwa na katibu, mbuzi watatu na bibi mmoja wa Kimakonde mwenye ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, ameketi kibarazani anabangua korosho. Wanaume wote hawapo. Miaka hiyo magwanda yakionekana kijijini maana yake ilikuwa kodi au msako wa gongo, hakuna la tatu.

Mmoja wa vijana wangu, Konstebo Pastory, alimsogelea yule bibi kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Wanaume wamekwenda wapi?"

"Marahaba. Wamekwenda kuzika."

"Poleni sana. Amefariki nani?"

Bibi alifikiri kidogo. "Hajafa bado."

Tuliondoka. Baadaye niliuliza kwa watu kama kulikuwa na mgonjwa mahututi kijijini siku ile. Wengine walisema alikuwepo, wengine walisema bibi alitucheka. Mpaka leo sina jibu.

Huyo Pastory ndiye ninayetaka kuwasimulia. Alikuwa kijana mrefu wa Biharamulo, mpole, aliyelelewa na shangazi yake. Baba yake alifariki yeye akiwa mgongoni. Alikuwa na Kiswahili cha vitabuni, na Kiswahili cha watu wa juu uwandani kilimtoa jasho. Siku yake ya kwanza kaunta alikuja mzee akasema, "Nke wangu haonekani." Pastory akaandika kwa mwandiko mzuri: jina la aliyepotea, Nke Wangu. Tulipomwambia kwamba mzee alikuwa akisema mke wangu, hakucheka. Alirarua ukurasa, akamwomba mzee radhi, akaanza upya. Nilimpenda kwa hilo.

Baada ya aibu ya Mnyambe nikabuni jambo jingine. Nikaona kila kijana akakae wiki moja kijijini bila magwanda, nyumbani kwa mtu, ale wanachokula, afanye wanachofanya. Mkuu wa wilaya hakukubali wala hakukataa, aliuliza tu kama kuna gharama. Pastory nilimpeleka Chilangala kwa Mzee Athumani, ambaye kila mtu alimwita Baba Zuhura, mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache. Mke wake, Mama Zuhura, alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili.

Ulikuwa msimu. Pastory aliokota korosho, akazitenga na matunda yake ya mabibo, akala ugali wa muhogo na kisamvu, akachemshiwa ming'oko, vile viazi vya porini, akaniambia havina ladha lakini vina heshima. Jioni Baba Zuhura alimpandisha nyuma ya baiskeli yake nyeusi wakaenda kutazama mashamba. Hiyo baiskeli mzee aliinunua msimu ule ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia, na fremu yake aliizungushia kamba za plastiki za rangi, akaifuta kila jioni kama mtu anavyofuta uso wa mtoto.

Wiki ikaisha, lakini Pastory hakukoma kwenda. Kila siku ya mapumziko yuko Chilangala. Nikasema moyoni: kumbe nimeweza. Nikaandika ripoti kwamba askari ameungana na wananchi vizuri.

Mwaka uliofuata, kabla ya msimu, Baba Zuhura aliugua kifua, na asubuhi moja akafariki. Pastory alikuja kuniomba ruhusa macho mekundu. Nikampa. Aliuliza kama aende na magwanda.

"Ya nini magwanda msibani?"

"Kwa heshima yake, afande."

Sikuona ubaya. Akaenda amevaa kamili, na mkanda, na pingu kwenye mkanda.

Yaliyotokea huko niliyasikia kwa watu wengi, na hakuna wawili waliosimulia sawa. Lakini yale waliyokubaliana wote ni haya. Maiti alikuwa ameoshwa na kukafiniwa, jeneza liko uani, shehe anataka kuondoka kwenda makaburini. Ndipo akatokea mzee mmoja aitwaye Kalembo, kutoka upande wa Masasi, amejifunga majani kiunoni na kofia ameivaa nyuma mbele. Akaingia katikati ya watu wanaolia, akapiga kelele.

"Mlafi kafa! Haya, leo ugali utabaki!"

Akalala chali mbele ya jeneza, akasema halipiti mpaka alipwe, maana marehemu alikufa na kuku wake tumboni. Watu wakacheka huku machozi yanatoka. Kalembo akainuka, akaenda ukutani, akaichukua ile baiskeli nyeusi.

"Hii naenda nayo. Huko aendako hakuna barabara."

"Weka chini hiyo baiskeli," Pastory alisema.

"Wewe nani?"

"Polisi."

"Ah, mmechelewa! Marehemu alikuwa mwizi mwenzangu. Mngetukamata pamoja."

Watu wakacheka zaidi. Pastory akamfunga pingu.

Mimi nilikuwa kaunta waliposimama mlangoni. Walitoka Chilangala kwa miguu, Kalembo mbele na majani yake kiunoni, Pastory nyuma anakokota baiskeli kwa kuwa sasa ilikuwa kielelezo. Pastory alipiga saluti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kulia. Uso wa Kalembo ulikuwa wa mtu aliyetoka sherehe.

"Shikamoo, mzee," nilisema, kwa sababu sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba, Mama Neema. Mwambie mwanao anifungue. Tuna maiti anatungoja."

Nikaelewa nusu. Kwetu Singida tuna utani pia, lakini mimi niliukuta umebaki maneno: mnatukanana sokoni, mnacheka, kila mtu anakwenda zake. Nilijua kwamba hapa ukoo una watani wake, na kwamba kwenye msiba mtani ana ruhusa ambazo wengine hawana. Nilikuwa sijaona ruhusa hiyo ikiondoka na baiskeli.

Kabla sijauliza lolote akaingia Issa, mtoto wa kiume wa marehemu. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mitumba huko Masasi, amefika mchana ule, amevaa koti zuri ambalo msibani lilimtesa kwa joto.

"Mimi ndiye mlalamikaji," alisema. "Afande, kijana wako amefanya kazi yake. Huyu mzee kazi yake ni kuuza vipuri vya baiskeli pale nje ya hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Namjua. Anajifunga majani anaita utani, kesho baba yangu yuko kaburini na baiskeli iko sokoni."

"Ni kweli unauza vipuri, mzee?" nilimwuliza Kalembo.

"Nauza. Na unga nauza. Nako ni kosa?"

Nilikuwa na kalamu mkononi. Sikuandika.

Kisha nje ikasimama pikapu ya mnunuzi wa korosho, na aliyeshuka alikuwa Mama Zuhura. Askari wote kaunta walisimama. Mjane, siku ya kufiwa, maiti yuko uani, hatoki nyumbani kwake. Jambo hilo halifanyiki. Alikuwa amejifunika, ameshikwa huku na huku na wanawake wawili, na nyuma yao alikuja mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, amechanganyikiwa kama sisi.

"Shikamoo, Mama Zuhura. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Sijapoa. Nimekuja kuchukua ntani wangu."

"Mama," Issa alisema, "huyu mwizi."

"Nyamaza wewe. Baba yako alipokwenda kumzika baba yake huyu, alirudi na mbuzi. Nani alimfunga pingu?"

"Mbuzi ni mbuzi, mama. Baiskeli ni mali."

Nakumbuka nilimtazama Issa nikitaka kumwuliza tangu lini mbuzi akaacha kuwa mali. Lakini nilihisi kuna kitu anakisema ambacho hata yeye hajui kukisema. Nikaona nirudi kwenye kazi ninayoijua. Nikauliza swali la askari: baiskeli ni ya nani?

"Ya marehemu," alisema Mama Zuhura.

"Ya watoto wa marehemu," alisema Issa.

Mpwa akakohoa. "Kwa mila zetu sisi, mali ya mjomba ni ya wapwa."

"Kwa leo," Kalembo alisema kutoka kwenye benchi, "ni yangu."

Ninyi mliosoma sheria mtaniambia nilipaswa kufanya nini. Mimi wakati huo nilikuwa na wenye mali wanne, mshitakiwa anayetabasamu, na mkuu wa wilaya aliyekuwa safarini Mtwara. Tena akaja mjumbe kutoka kwa shehe: maiti hangojeshwi, dini haimjui mtani, wazike sasa hivi ama atarudi kwake. Mama Zuhura alisikiliza ujumbe hadi mwisho.

"Mwambie shehe nimemsikia. Lakini jeneza la mume wangu halitoki uani kwa vilio vitupu." Akanigeukia mimi. "Mama Neema, wanaolia pale wako wengi, hata wasiomjua wanalia. Anayecheka alikuwa huyu mmoja, na huyo ndiye mmemfunga."

Nikamchukua Pastory nyuma ya kituo, penye tangi la maji.

"Umemkamata kwa kosa gani?"

"Wizi, afande."

"Uliona watu wanacheka."

"Niliona."

"Ukaona mwenye msiba hakulalamika."

"Niliona, afande."

"Sasa?"

Akasema, "Alimtukana baba yangu."

Mwanzoni sikuelewa anamsema nani. Nilitaka hata kumkumbusha kwamba baba yake alifariki zamani, huko Biharamulo. Mimi ndiye niliyemtuma akaungane na watu. Nilidhani kuungana ni kujua njia, kujua salamu, kupewa habari za wezi. Hakuna aliyekuwa ameniambia, na mimi sikuwa nimewaza, askari akishaungana kweli afanyweje. Mtoto wa kumzaa alikuwa ndani anadai baiskeli. Mtoto wa kukaribishwa alikuwa hapa nje anamlilia mzee.

"Pastory, mimi sina kifungu cha jambo hili," nilimwambia. "Funguo unazo wewe."

Akaniuliza, "Nikimfungua, afande, nitakuwa nimekosea kumkamata?"

"Sijui."

"Na nisipomfungua?"

"Hilo nalo sijui. Ila jua linakwenda."

Akaingia ndani akamfungua. Issa alipiga meza kwa kiganja, lakini mama yake alishatoka. Tukapanda sote ile pikapu, baiskeli imelala katikati ya miguu yetu, Kalembo anaimba, Issa ametazama nje, na mimi nikijiuliza kituo nimemwachia nani.

Tulipofika uani, Kalembo alikataa kushuka.

"Mimi ntu wa mahabusu sasa. Nani ananilipa?"

Akamnyooshea Pastory kidole. "Wewe ndiye."

Akaikwapua kofia ya Pastory kichwani, akaivaa yeye, akaruka chini, akaanza kutembea kwa mwendo wa gwaride na majani yake kiunoni mbele ya waombolezaji wote. Niliona mkono wa Pastory ukienda kwenye mkanda, kisha ukarudi.

"Kila ntu asimame alipozaliwa!" Kalembo alitoa amri. Watu wakatazamana, wengine wakasogea, wengine wakakaa. "Wewe shehe pekee ruksa kwenda zako, wewe ulizaliwa msikitini!" Hata shehe alijifunika mdomo kwa kilemba. Kalembo akafika kwenye jeneza, akapiga kisigino chini, akapiga saluti. "Afande marehemu! Gwaride lako liko tayari. Nimelileta mimi, kwa pingu!"

Mama Zuhura alikuwa amesharudishwa ndani. Tulimsikia kutoka dirishani akicheka, kicheko kirefu, kisha kicheko kikakatika na kikatoka kilio ambacho sijasikia kama hicho tangu siku ile. Wanawake waliniambia baadaye kwamba tangu alfajiri alikuwa hajatoa hata chozi.

Kalembo akamgeukia Pastory, na sauti yake ikawa ya mtu mzima wa kawaida kabisa. "Haya, mwana wa marehemu. Shika mguu wa jeneza."

Pastory akashika, kichwa chake wazi bila kofia. Upande wa pili alikuwa Issa. Walikwenda hivyo hadi makaburini hawajatazamana, na marehemu akazikwa jua lingalipo.

Jioni Kalembo akaondoka na baiskeli.

Kwa mila, niliambiwa, mtani huwa anarudi, kwenye arobaini au kabla, familia inakikomboa kitu chao kwa kuku au kwa pombe, watu wanacheka tena, mambo yanakwisha. Arobaini ikafika. Kuku alikuwepo, ameshafungwa miguu. Kalembo hakutokea. Baadaye mtu wa Chilangala aliyekwenda hospitali kumwona mgonjwa aliiona baiskeli pale Mkomaindo, kamba zake za rangi bado zipo, inaendeshwa na kijana muuza mikate aliyesema aliinunua kihalali. Kalembo mwenyewe hakuonekana. Wengine walisema anaumwa. Wengine walisema amevuka Ruvuma kwa ndugu zake.

Nilikwenda kumwuliza Mama Zuhura, eda ikiwa bado. "Ndiyo utani," alisema, lakini alikuwa akitazama ukuta pale baiskeli ilipokuwa ikiegeshwa.

Nikaenda kwa Mbaruku, ambaye alikuwa amestaafu na kufungua duka dogo la mafuta ya taa. Nilimsimulia yote. "Utani ni kurudisha," alisema bila kusita. Nikaona basi, jibu nimepata, nilimwachia mwizi. Tukanywa kahawa. Nilipoinuka kuondoka akasema, "Lakini zamani hapakuwa na wa kumuuzia." Sikujua kama hiyo ilikuwa inamtetea Kalembo au inamfunga. Nilimwuliza. Akasema hata yeye hajui, alikuwa anasema tu.

Siku chache baadaye Issa alikuja kituoni kufungua kesi. Hakuwa na koti safari hii. Nilimwagiza Pastory achukue maelezo, nami nikakaa meza ya pembeni nikijifanya nina kazi. Walianza vizuri. Jina, kazi, makazi. Kitu kilichoibwa. Rangi yake. Issa alieleza zile kamba za plastiki, nyekundu na ya njano, na namna baba yake alivyozifunga upya kila zilipolegea. Pastory alikuwa anaandika, kisha akawa haandiki, anasikiliza tu.

"Mtuhumiwa unamfahamu?" alimwuliza.

"Namfahamu."

"Ni nani kwako?"

Issa alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta neno, akaliacha, akatafuta jingine. "Ni..." alisema. "Yeye na baba..." Akainamisha kichwa. Pastory alingoja, kalamu iko juu ya karatasi. Hatimaye Issa alisukuma kiti, akatoka nje bila kuaga.

Pastory alinigeukia. "Afande, sasa hii ni kesi au si kesi?"

Nilimwambia, "Mfuate."

Niliwaona dirishani wamesimama kando ya barabara. Issa alikuwa akizungumza kwa mikono, Pastory akitikisa kichwa, kisha wakabadilishana, Pastory akazungumza na Issa akaangalia chini. Mara moja nilidhani wanagombana. Mara nikadhani mmoja wao analia, ila kwa umbali ule sikuweza kujua ni yupi. Nilirudi kwenye karatasi zangu nikiwangoja waje tumalize maelezo. Hawakurudi. Saa ya chai mlinzi wa lango aliniambia kwamba wamekwenda Chilangala kumwona mama yao, wote wawili, kwa miguu, kwa sababu baiskeli hakuna.